Pikapu ya Mwanakheri na Vilemba vya Vitunguu

Saa moja asubuhi, Mikumi. Mwanakheri Abubakari amesimama kando ya pikapu yake, macho hayabanduki kwenye vidole vya fundi. Fundi Cornel amevuta uzi wa nailoni kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, anauchungulia kwa jicho moja. Kila akishika spana, mama anasogea karibu.

"Shikamoo, Mama Shamimu. Chai umekunywa?"

"Marahaba. Nitakunywa gari likinyooka. Usinilainishe."

Si chuki, ni mazoea ya mtu aliyeumwa na nyoka. Mwanakheri, mwenyeji wa Kilosa, husomba vitunguu kutoka Malolo hadi Mikumi, na usukani hashikiwi na mtu. Mwaka jana pikapu ilitumbukia mtaroni. Ikanyooshwa pua, ikapigwa rangi, ikang'aa kama bibi harusi. Tangu hapo inavuta kushoto, na kwenye kona za mlima wa Iyovi, njiani kutoka Malolo, kushoto ni korongo.

"Nashuka nimeng'ang'ania usukani hadi bega linakufa ganzi," anasema. "Nimezunguka kwa mafundi. Nikitoka gereji, sawasawa. Nikirudi na mzigo, linavuta. Na wote walinivisha kilemba cha ukoka: 'Mama, hili sasa jipya!'"

Mmoja aliongeza jani la chuma kwenye springi za nyuma ziwe ngumu. Mwingine alitaka kuliinua gari zima. Cornel amekataa yote mawili, na hapo ndipo shaka inapoota upya. Fundi asiyetaka kuuza spea? Ana lake jambo.

Cornel anatambaa uvunguni, anatoka na kipande cha mpira kilichotafunwa.

"Huu huzuia ekseli isigonge chesisi. Umekwisha. Mama, unabeba nini?"

"Nilishakwambia. Magunia ya kawaida."

"Yana vilemba?"

Mwanakheri anatupa jicho barabarani. Vitunguu vya huku hufungwa lumbesa: gunia likishajaa, huongezewa juu kilemba cha wavu, kikashonwa kwa kamba. Lumbesa imepigwa marufuku, na anayeulizia habari zake hudhaniwa ana masikio ya serikali.

"Nani kakutuma?"

"Gurudumu," anajibu Cornel, akicheka. "Wenzangu walipima gari tupu. Bushi ya kushoto, ule mpira wa kwenye kiungo cha gurudumu la mbele, imekufa tangu ajali, lakini haijitangazi mpaka mzigo ukae. Mkia ukizama, pua inanyanyuka, gurudumu linakwenda upande. Nitaweka bushi na shokapu mpya, jani lile nilitoe. Kisha uniletee likiwa na mzigo."

Bushi ikawekwa, jani likatoka, na mama akalileta gari na mzigo, umefunikwa turubai pande zote. Cornel hakulifunua. Alitazama tu jinsi mkia ulivyolala.

"Nikinyoosha hivi, mama, nitakuwa nanyoosha uongo. Vilemba vishuke."

Mwanakheri alipiga hesabu. Kilemba ndicho kinachowavutia wachuuzi. Kukishusha ni kuwafukuza. Lakini Iyovi anapita yeye, si wao. Akachukua kisu, akakata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Vitunguu vikamiminika kwenye mabeseni. Cornel akafunga uzi wake upya, akanyoosha magurudumu.

Siku hiyo, kwenye barabara iliyonyooka, mama alilegeza vidole. Pikapu ikaenda mbele kama iliyotumwa.

"Ndiyo nikaogopa zaidi," anasema. "Gari likinyamaza hivyo, najiuliza linapanga nini."

Safari moja humwachia kama shilingi elfu sitini, mafuta yakishatoka. Sasa huenda zikapungua. Mzee Ditram, mkulima wa Malolo, ameshamrushia kijembe: "Usipobeba vilemba, binti yangu, wapo watakaobeba."

"Shikamoo yake nampa, na mzigo wake wenye kilemba namwachia," anasema Mwanakheri. Mpango wake ni kuwatafuta wakulima wanaouza gunia lisilovaa kitu kichwani, wawe wachache lakini wa kudumu, na kupita Iyovi mpaka binti yake Shamimu amalize chuo.

Na Cornel, sasa anamwamini?

Mwanakheri anainama, ananyooshea kidole nati ya gurudumu la kushoto. Imechorwa mstari mwekundu wa rangi ya kucha ya Shamimu, unaovuka kutoka nati hadi kwenye rimu.

"Nati ikiguswa, mstari unakatika. Fundi anajua nimepaka." Anajifuta vumbi magotini, anapanda. "Tena rangi ilipokwisha, kaninunulia nyingine."