Mwenye Viatu Vinavyonuka Popo

Hapa kwetu Queensland, mtafiti huyu wa virusi hutangulia kunuka popo kabla hajaonekana. Kila alfajiri hutandaza plastiki chini ya miti wanamolala popo hao akinge mikojo yao, huku akiimba polepole. Jana jirani yetu Darryl alimfuata akicheka: farasi wake mgonjwa amepimwa, hana kile kirusi cha popo kinachoua hata watu.

"Basi binti yangu arudi bandani kumhudumia farasi, bibie?"

"Bado. Maabara wamekitafuta kirusi kile tunachokijua tu. Mimi namtafuta ndugu yake, ukoo mmoja, vinasaba tofauti, ambaye kipimo hicho hakimwoni."

"Acha kunitisha, wewe! Na ukimkosa huyo ndugu?"

"Nitamshukuru Mungu," alisema, akiinua kichupa cha mkojo wa popo kwenye mwanga; lakini macho yake hayakuwa ya mtu anayeomba kukosa.