Turapu ya Baba

Baba yangu aliamini kwamba mnyama anakusikia mpaka ndani ya nyumba yako. Kwetu Nyakatuntu hukuruhusiwa kutaja mtego ukiwa ndani, wala kusema umetegwa wapi, maana nguruwe pori angesikia na kubadilisha njia. Baba akitoka kwenda kutega alisema tu, "Naenda kunyoosha miguu." Mama anamjibu, "Haya, nyoosha." Basi, imeisha hiyo.

Nilipoanza sekondari nikamwambia nguruwe wa Kyerwa hawajui Kiingereza. Nilikuwa namtania tu, lakini mzee akavuta kigoda, akakaa. "Hebu niambie, mama, wazungu wanaitaje?" Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikampa maneno niliyokuwa nayo. Waya wa kitanzi pembeni mwa migomba ukawa snare. Wavu wa kware ukawa net. Shimo lililofunikwa majani kule kwenye mahindi likawa pit. Na ule mtego wa chuma wenye meno, alioununua kwa mtu kule Murongo, ukawa trap. Kinywani mwake yalitoka sinea, neti, piti, turapu. Tulicheka hadi mama akatufukuza jikoni.

Tangu hapo akirudi anatangaza kwa sauti, "Leo piti imefanya kazi!" Mahali bado hakutaja, hata kwa Kiingereza. Waya, wavu na shimo havikuhama, tulijua vilipo. Turapu aliihamisha kila mara, na ilipo alijua yeye peke yake.

Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha akichuma kahawa. Alirudi kutoka hospitali upande mmoja hauna nguvu na maneno yote yamekwenda. Kinyambo hakuna, Kiswahili hakuna, hata kuniita mama kulimshinda. Asubuhi moja namlisha uji, akanitazama, akasema wazi kabisa, "Sinea."

Mama akapiga vigelegele, akidhani mumewe anapona. Mimi nilijua anachotaka. Nikamwita kaka yangu, tukaenda kuufungua ule waya, nikamletea auone. Akafumba macho, na neno lile hakulisema tena. Kesho yake akasema, "Neti." Tukaukunja wavu. Kisha, "Piti." Kaka akalifukia shimo. Jamani, mtu alikuwa anafunga kazi zake moja moja.

Halafu akaanza, "Turapu."

"Iko wapi, baba?" Nilimshika mkono mzima. "Nikipataja, nibane." Nikataja bonde, kisima, mpaka wa kibanja, mteremko wote wa nyasi nyuma ya nyumba. Hakubana popote. Alizidi tu kusema turapu, turapu, sauti inapanda, machozi yanamtoka. Chuma kile kilivunja mguu wa nguruwe kama muwa. Mguu wa mtoto kingeuacha vipi? Na watoto wa jirani walipita kule kila siku kutafuta kuni. Nilimkasirikia, tena sana. "Miaka yote ulitufichia sisi," nikamwambia, "kwani sisi ndio nguruwe?"

Tulitafuta kwa fimbo ndefu, tukipiga nyasi hatua kwa hatua. Wafugaji wakahamisha ng'ombe wao. Majirani wakawafungia watoto. Hatukuona kitu, na baba akafariki neno likiwa bado mdomoni.

Kwetu nyumba ya msiba hutandikwa nyasi mbichi, waombolezaji wakalie. Wanawake wakachukua mundu kwenda kukata kule mteremkoni. Mama, mjane wa saa chache, akasimama katikati ya njia, mikono ameitanua. "Haendi mtu." Wakakaa kwenye saruji tupu. Shangazi akasema kwa sauti, makusudi tusikie, kwamba kaka yake anazikwa kama mtu asiye na kwao.

Sasa nyasi zile zinanifika kifuani. Kila kiangazi naingia na fimbo yangu na kutoka mikono mitupu. Kuna wakati nachambua maharage uani nasikia "Turapu," kwa sauti yake ileile, na hapo hapo naacha ungo nawatafuta watoto walipo. Naogopa, sifichi. Kaka anasema chuma kimeshaliwa na kutu. Mwambie basi atangulie kupita, uone kama ataenda.

Juzi mpira wa mwanangu uliviringika ukaingia kule. Akaukimbilia, mama akamdaka shati likachanika.

"Bibi, kwani huko kuna nini?"

"Yuko babu yako," mama akasema. "Bado hajamaliza kazi."

Mtoto alilia mpaka akalala. Mpira ni mwekundu, haukwenda mbali. Ukisimama mlangoni kwetu unauona.