Mlango wa Pili wa Ghala

Mwezi jana nilikuwa bomani nikisubiri cheti cha safari, nikamsikia Bwana Mjerumani akipatana na fundi mkuu gharama za ghala kubwa la mpunga hapa ufukweni. Matofali, nyasi za paa, wanawake wa kusiliba kuta, yote waliafikiana. Wakakwama kwenye mlango.

"Ghala lina mlango mmoja," alisema Bwana.

"Kati ya wasilibaji yumo mke wa mwanangu," fundi alijibu, akitazama vidole vyake vya miguu. "Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akiingia huku, sharti mimi nitokee kule."

"Tafuta msilibaji mwingine."

"Hakuna anayesiliba kama yeye, Bwana."

Bwana alivua miwani, akaifuta, kisha akaongeza mlango kwenye makadirio.

"Ndaga, Bwana," alishukuru fundi.

Kazi ya kusiliba ilipoanza, fundi aliisimamia akiwa nyuma ya mgomba, ameupa ukuta mgongo, akisifu asichokiona. Bwana alitucheka sana. Watu wazima, alisema, wanakimbiana kama kuku.

Juzi mkubwa wake alishuka melini kuja kuuliza kwa nini gharama zimezidi. Aliingia ghalani kwa mlango wa mbele. Mimi nilikuwa upande wa nyuma, nikaona mlango wa pili ukifunguka taratibu. Bwana alitoka, kofia mkononi, akanyata hadi migombani.

Fundi alijisogeza kumpa nafasi.

"Karibu, Bwana," alisema. "Kumbe nawe una mkwe humo ndani?"