Gari Yenye Kujua Kupiga Magoti

Tonton Kambere iko na gari ya nguvu ya farasi mia tano, na safari yake kubwa ni kutoka mutaa wa Katoyi mupaka mutaa wa Birere, mu muji moja. Mawe ya volkano kila pahali, bamotari ku pikipiki zao banamupita banacheka. Siye bapwa yake tunaiita Muingereza. Jirani, papa Zihindula, mutu wa pande ya Bukavu, iko na mupinzani wake: gari Mujerumani, mweusi, mabega kama sanduku. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, bazee bawili banasimamisha magari mbele ya parseli, ku geti ya nyumba, ubishi unaanza.

"Kambere, yako ni kitanda ya magurudumu," Zihindula anasema. "Yangu ukiikanyaga tu, kofia inabaki ku kiti ya nyuma."

"Na mugongo ya madame yako inabaki wapi? Juzi alishuka anajishika kiuno."

"Ni sababu ya mawe!"

"Yangu inapita ku mawe gani? Ya pamba?"

Tulipiga kura ku grupu ya WhatsApp. Mujerumani alishinda kumi na mbili kwa tatu, na moja ya zile tatu ni tonton mwenyewe. Alitutumia vokali, sauti yake ya dakika ine, kujitetea. Hakuna mwenye alifika mwisho. Pole, tonton.

Lakini kuko kitu moja hatuchezeshi: kiti ya mbele, pembeni ya shofere. Mwaka wa pili sasa, ingali na nailo ya kuifunika yenye ilitoka nayo kiwanda. Kwao, mutoto akinunua gari, mama yake njo anaikala pale wa kwanza. Tantine Apolline, bibi yake wa ndoa, anaikala nyuma kama minisitri. Padri alikuja kubariki gari, naye akatumwa nyuma, na ndoo ya maji ya baraka ku magoti.

Mama mwenyewe, koko Marie-Louise, iko Butembo. Tonton alipitisha maharagi ku barabara ya kwenda kule miaka makumi mbili, anajua kila kona yake. Sasa vita imeikata. Kuzungukia Uganda, miguu ya koko haiwezi. Basi tonton anapanguza nailo kila asubui, anasema, "Vita itaisha."

Siku ya Mungu yenye ilipita, Zihindula alikuja bila kucheka.

"Ndugu yangu, tubadilishane. Bibi yangu anataka gari yenye kupita laini ku mawe. Weye utapata nguvu zaidi. Mama hatakuja, tusidanganyane."

Tonton aliangalia Mujerumani wakati murefu, na kusema kweli anaipenda: tulishaka kumukamata anaipapasa. Akatoa funguo ku mufuko.

Simu ikalia. Koko, video.

"Kambere, nionyeshe ile gari yangu."

Tonton akafungua mulango, akatia simu juu ya nailo, akaifunga na mukaba ya kiti. Tantine akaanza kucheka, akaacha.

"Inaonekana iko juu sana, mwana wangu. Nitapanda namna gani na haya magoti?"

Tonton akabonyeza buto. Muingereza ikapumua, psss, ikashuka polepole karibu ya udongo.

"Inapiga magoti, mama. Ile ingine inaipita mbio, lakini haijue kupiga magoti. Njo maana nilichagua hii."

"Usitoe nailo," koko akasema. "Nitaitoa na mukono yangu."

Rezo ya simu ikakata.

Zihindula akakohoa. "Rudisha funguo ku mufuko, muzee." Akaingia mu Mujerumani yake, akaiwasha pole, ile yenye kulia kila siku, akaenda.

Usiku nilisikiliza ile vokali ya tonton mupaka mwisho. Dakika ya ine yote alikuwa anaongelea magoti ya mama yake.

Tonton hakuinua gari. Ilibaki vile, chini, mulango wazi, mupaka mvua ikaanza, na tantine akatoka kuufunga.