Nilisahihisha Barua, Likoni Ikaletewa Mbuzi

Kosa ni langu. Si la shirika la misaada, si la dereva wa lori, wala si la mbuzi wenyewe. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na mitatu, nimewakemea watu hadharani kwa kusema "mtoto yangu". Leo naungama mbele yenu kwamba sarufi yangu imewanyima wanawake kumi na wawili riziki ya Ramadhani nzima.

Mtaa wetu huku Likoni ulivamiwa. Watu wenye silaha waliingia, nyumba zikachomwa, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Amani iliporudi, kilichonipa moyo ni kikundi cha Bi Mwanakombo: akina mama wa hapa na akina mama wa bara, Waislamu na Wakristo, waliokubaliana kupika tena pamoja na kuuza futari kwenye kibanda karibu na feri. Mwenye kibanda aliwapa sharti moja: wafungue siku ya kwanza ya Ramadhani, la sivyo atakipangisha kwa mwingine.

Shirika lile lilizoea vijijini, kugawa mbegu na majembe. Lilipokuja mjini likajirekebisha, nami nikalisifu. Afisa wake, binti mpole asiyeachana na daftari lake, aliniambia: "Safari hii hatuji na orodha yetu, Mwalimu. Waandike wenyewe walichopoteza, kwa maneno yao."

Kwa maneno yao! Laiti ningaliyaacha hayo maneno yao!

Bi Mwanakombo aliniletea barua niipitie. Ilisema: "Mbuzi zetu zote ziliungua. Twaomba mbuzi kumi na mbili, ziwe imara, zenye meno makali."

Mbuzi ziliungua? Kiumbe mwenye uhai? Kalamu nyekundu iliruka yenyewe kutoka mfukoni! Nikaandika, kama sarufi inavyotaka, "Mbuzi wetu wote waliungua." Hayo meno makali yalinitatiza kidogo, lakini nilikuwa nimesoma mahali kwamba umri wa mbuzi hujulikana kwa meno yake, basi nikaandika "wenye umri mdogo na afya njema." Kisha huruma ikanishika, nikarudi pale penye "waliungua", nikaongeza kwa hiari yangu: "wakilia kwa uchungu."

Sikumrudishia Bi Mwanakombo aisome. Niliipeleka kwa afisa moja kwa moja, kifua mbele.

Wiki moja kabla ya mfungo, lori likaingia mtaani na mbuzi kumi na wawili, kila mmoja na kibandiko cha shirika sikioni. Afisa aling'aa kwa furaha. "Tumebadilisha mpango mzima kwa ajili yenu!" akasema, akamtambulisha daktari wa mifugo aliyekuja kufundisha ujenzi wa zizi, katika mtaa ambao watu hugombania hata nafasi ya kuanika nguo.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," nikasema kwa fahari.

"Marahaba, Mwalimu. Hawa wa nani?"

"Wenu! Si mliomba mbuzi?"

Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Mwalimu, sisi twauza nini?"

"Viazi vya nazi, mbaazi za nazi, mahamri..."

"Na hiyo nazi twaikunia nini?"

Yarabi! Mbuzi! Kile kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mpishi hukikalia akakuna nazi! Kila mtoto wa Likoni anakijua. Kamusi yangu mwenyewe inacho, maana ya pili. Lakini mimi, mzaliwa wa bara, nimekula wali wa nazi miaka yote hii bila kutia mguu jikoni.

"Haya, mkalie basi huyo," akasema Bi Mwanakombo, "nikupe nazi ukune."

Mama Mutua wa kikundi hicho, wa bara kama mimi, akapaza sauti: "Huyu wangu hakuni, Mwalimu. Anakunya!"

Mnisamehe neno hilo. Nimeliandika lilivyosemwa, maana nimekoma kusahihisha.

Nikamkimbilia afisa, nikamwomba awaruhusu wawauze wanyama wale wanunue hizo mbuzi nyingine. Akafungua daftari: mkataba unakataza kuwauza kabla ya mwaka kwisha. Kubadilisha ombi? Labda baada ya Idi. "Lakini Mwalimu," akasema kwa upole, "barua yenu ilinitoa machozi. Pale mliposema mbuzi walilia kwa uchungu." Nikatamani ardhi ipasuke inimeze!

Madukani mbuzi za kukunia zilikuwa zimekwisha kwa pilika za mfungo, basi nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

"Hodi! Naomba kuazima mbuzi."

"Karibu, Mwalimu. Ya kukuna, au ya kulia kwa uchungu?"

Nilipata nne tu. Wenyewe walinipa kwa sharti kwamba wazikalie kukuna jamaa zao kikundini, akina mama wa hapa, si mtu mwingine. Mwezi ukaandama, chakula hakijapikwa cha kutosha hata meza moja, na kibanda kikapangishwa kwa muuza vifuniko vya simu. Wale wanyama, wakati huo, walikuwa wamemaliza leso mbili za Bi Mwanakombo na bango la shirika lenyewe.

Hapo kicheko kilikatika. Akina mama wa bara waliona wenzao wamekaa wanakuna, wao wamesimama wanatazama. "Kumbe bado sisi ni wageni," akasema Mama Mutua. Bi Mwanakombo, aliyechoka na mwenye njaa ya saumu, akajibu neno ambalo asingelisema siku nyingine. Mama Mutua akajitoa na wenzake wanne wa bara. Leo, kibanda hakipo, meza ni mbili za kando ya njia, barabara ipo katikati, na hakuna anayeivuka.

Nimekwenda kwa Bi Mwanakombo na kwa Mama Mutua kuomba radhi. Wamenisamehe mimi. Wao kwa wao, bado.

Enyi wenzangu mliosoma, mnaoombwa kuwaandikia watu waliounguliwa na vyao! Mkikuta neno limekaa msivyolipenda, wekeni kalamu chini, nendeni kwa mwenyewe, mwambieni awaonyeshe. Mimi niliogopa kuonekana sijui. Na kikundi ambacho bunduki na mapanga vilishindwa kukivunja, nimekivunja mimi kwa kufuta "zi" na kuandika "wa".