Ema na Agano Jipya la Kanisa

Ema alikuwa ameolewa Makambako. Vidole vilipoanza kufa ganzi na kuliwa na ukoma, mumewe alimrudisha kwao Mahongole, na ndugu zake wakamjengea kibanda ng'ambo ya shamba la ulezi. Wifi yake, Lucia, ndiye aliyemletea chakula: ugali na maharage juu ya kigae cha chungu, anakisukuma kwa fimbo mpaka mlangoni, kisha anatema mate. Siku nyingine mbwa aliwahi. Ema aliutazama ugali wenye ute wa mbwa, akaula hivyo hivyo.

Harufu ya vidonda vyake ilimkirihi mwenyewe. Alivifunga matambara, nzi wakatua juu ya matambara.

Lakini alijua kusoma, na alikuwa na Agano Jipya la kanisa aliloazimwa kabla hajaugua. Asubuhi, ukungu ukiinuka, aliketi mlangoni akasoma kwa sauti, akigeuza kurasa kwa kifundo cha mkono. Hapo alijiona mtu. Wanawake waliokwenda kuteka maji walipunguza mwendo wamsikilize.

Habari zikamfikia mjomba wake, Kefa, mzee wa kanisa. Akaja, akasimama mbali, pua ameifunika kwa ukosi wa koti.

"Kamwene, mjomba," Ema alimsalimu.

"Kamwene. Nimefuata kitabu cha kanisa. Unakitia uchafu, na watu wanalalamika."

"Ndio hao wanaosimama kunisikiliza?"

"Usinibishie."

Ema akafungua ukurasa uliochakaa kuliko zote, akamsomea habari za mkoma aliyepiga magoti, na Bwana akanyoosha mkono, akamgusa.

"Alimgusa angali na vidonda, mjomba. Hakungoja apone."

Kefa alitema mate pembeni. "Lete kitabu."

Ema akakibana kwa viganja viwili, akamnyooshea. Usaha ulikuwa umelowesha jalada. Kefa akarudi nyuma, uso umekunjamana kama aliyelamba shubiri.

"Kiweke chini."

Akakiweka. Kefa aliinama, akajaribu kukiburuta kwa kijiti, kijiti kikavunjika. Akaondoka mikono mitupu, akifuta viatu kwenye majani ingawa hakukanyaga kitu.

Jumapili alitangaza kanisani kwamba kitabu kimeteketezwa. Lucia alipomsimulia, Ema alichefukwa mpaka akatapika. Tangu augue, hakuwahi kuona uchafu mkubwa kuliko uongo huo wa mjomba.

Kesho yake akasoma kwa sauti ya juu. Wanawake waliosikia tangazo waliweka mitungi chini, wakatazamana. Kefa hakupita tena njia ile.

Baadaye watu wa misheni walimchukua Ema kwenye kambi ya wagonjwa, kitabu kikiwa kwapani. Huko aliwafundisha wanawake wenzake kusoma. Mwaka mmoja mjomba alifika kumtembelea, amebeba sukari. Ema alimshukuru kwa adabu, akamuuliza hali za nyumbani. Alipoondoka, sukari yote aliwagawia wengine. Yeye isingempita kooni.