Krimu ya Chunusi na Vitambaa vya Zambarau vya Kina Mama

Sifa na shukrani kwa Mungu aliyetupa kila mmoja uso wake, na anayetuvumilia tunapousumbua. Amenifikisha umri wa kuitwa koko, yaani bibi, na kanisa zima, ameniachia miguu, meno kadhaa na moyo wa kucheka, basi acheni nijicheke mwenyewe, maana wengine hapa Bunia wameshanicheka vya kutosha, na aibu hii niliitengeneza kwa mkono wangu, mbele ya kioo, huku nikiimba wimbo wa sifa.

Mungu katika hekima yake aliona vyema nizeeke kila mahali isipokuwa kwenye chunusi. Nilizipata nikiwa msichana, nikaolewa nazo, nikazaa nazo, nikawa mjane nazo, na mpaka leo zinanitembelea kidevuni na kwenye paji la uso kama wageni wasiojua kuaga. Zamani nilizisugua kwa sabuni ya kufulia na kipande cha ndimu (msinifuate). Mjukuu wangu Furaha, anayesoma uuguzi na aliyerithi uso huu huu, alichoka kuniona nikijikwaruza, akanipangia utaratibu wa kila siku: asubuhi kunawa kwa sabuni laini bila kusugua, kisha mafuta mepesi na yale ya kuzuia jua, jioni kunawa tena, kisha krimu ya kwenye tyubu, kidogo, juu ya chunusi tu, halafu kulala na kuwa na subira, bila kutumbua kitu.

"Koko, hii ni ya usiku," aliniambia. "Unapakala kidogo tu. Na kwa muto utandike kitambaa nyeupe, sababu inakulaka rangi ya nguo."

Niliitika. (Sisi wazee tunaitika vizuri sana, kusikia ndiko kunakotushinda.)

Nilifuata kwa uaminifu, na uso ukaanza kutulia. Ndipo ikaja sikukuu ya kina mama. Sare tulimwagiza Mama Dorika, mjane aliyekimbia vita huko Djugu na watoto wake, na ambaye sasa anauza vitenge sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza kanisa kumwamini na kazi kubwa hivyo. Alituletea kitambaa cha zambarau nzito, kizuri kabisa, tukashona magauni na fulari za kichwani, na sote tulijua kwamba makanisa mengine yatakuja kutazama: sare ikipendeza amepata wateja, isipopendeza jina lake limekwisha. Mimi niliwekwa protokole, yaani kusimama mlangoni na kupokea watu.

Asubuhi ile nilikuta chunusi mbili mpya, katikati ya paji, kama taa za gari. Nikafikiri hivi: sala ukiiongeza haidhuru, basi na krimu ni vile vile. Nikapaka ile ya usiku asubuhi, nikapaka paji lote, pande zote mbili za kichwa, mashavu, shingo, nikakamua tyubu mpaka ikakunjika, nikafunga fulari yangu, nikajitazama nikaona nang'aa kama andazi linalotoka mafutani, nikaenda kanisani nikiwa mwenye furaha.

Sasa kwetu mtu hasalimiwi kwa mkono tu. Mnagusanisha vichwa, upande wa kulia, upande wa kushoto, kisha paji kwa paji, na ukimpenda unamkumbatia shingoni. Na tangu ule ugonjwa uliotukataza kugusana uondoke, mimi nasalimia kwa njaa. Hakuna mama aliyepita mlango ule bila kupata kulia, kushoto, katikati na shingo. Jua likawaka, tukatoka jasho, mahubiri yakawa marefu (yalikuwa mazuri), tukacheza tukipeleka matoleo, tukatoka jasho tena.

Tulipokaa kula, Mama Sifa, kiongozi wa kwaya, alimwambia jirani yake kwamba fulari yake ina madoa, jirani akamwambia hata ya kwako, wakageuka kutazama nyuma, na hapo wali ukasahaulika. Kila kichwa kilikuwa na madoa matatu, rangi ya chai ya maziwa, kulia, kushoto na mbele, na mabega nayo yamepauka. Mama Sifa akasimama.

"Mama Dorika, ulituletea kitambaa ya namna gani? Hata kufuliwa haiyafuliwa, na iko inakufa juu ya kichwa."

Mama Dorika alisema kitambaa ni kizuri, alikichagua mwenyewe. Mwingine akanung'unika kwamba ndivyo inavyokuwa ukiwapa kazi watu wa kukimbia vita. Nilimwona Mama Dorika akiweka sahani yake chini bila kula. Na mimi (Mungu anirehemu) nikatikisa kichwa, kichwa hicho hicho, nikasema vitambaa vya siku hizi si kama vya zamani.

Mama Dorika alitutazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole.

"Angalieni wenye walichelewa, wenye walipitia mulango ya nyuma. Zao ziko nzima. Na ni kitambaa moja."

Ilikuwa kweli. Macho yote yakarudi kwenye mlango wa mbele na kwa aliyesimama pale, na mama mmoja akaanza kukemea pepo polepole. Furaha, aliyekuwa akigawa soda, akatazama fulari yangu iliyogeuka nyeupe ukingo mzima, akaniinamia sikioni.

"Koko, asubuhi ulipakala nini?"

"Ile yako."

"Ya usiku? Ulitia ngapi?"

"Tyubu."

Mtoto akafumba macho. "Basi ni weye."

Ningeweza kumwambia tutaongea nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wasichana kwamba Mungu haangalii uso. Lakini Mama Dorika alikuwa ameshachukua mkoba wake aondoke, na nilijua akitoka hivyo kesho soko lote litakuwa na habari. Nikaenda nikashika mikro ya kuhubiria, ikalia fiii.

"Kitambaa ya Mama Dorika iko muzuri," nikasema. "Ni miye. Nilipakala dawa ya chunusi sana, na nikawapakala nyinyi wote."

Mama Sifa akauliza: "Koko, kwa miaka yako hiyo, uso unautafutia nani?"

"Ninautafutia amani," nikajibu, na kanisa likaanguka kwa kicheko, hata pasta alishika nguzo. Lakini Mama Sifa hakucheka muda mrefu. Alikwenda akaokota ile sahani, akamrudishia Mama Dorika mikononi, akagusanisha naye kichwa mbele ya wote, na akasema aliyesema mambo ya kukimbia vita naye aje aombe msamaha. Akaja. Wasichana nao wakamzunguka Furaha wakitaka kujua ni sabuni gani.

Juma lililofuata kina mama kutoka Bogoro walifika sokoni wakitaka kitenge kile, na chenye madoa matatu, maana walidhani ndio mtindo. Nilikuwepo. Mama Dorika akawaambia, "Kitambaa ninayo. Madoa haiko ya kuuza, mumupelekee huyu koko vichwa vyenu." Akacheka, na tangu afike kwetu sikuwahi kumsikia akicheka.

Basi nimeapa: cha usiku kitabaki cha usiku, na mjukuu akisema kidogo, ni kidogo. Wewe unayesoma, Bwana akupe uso uliotulia, na ukiwa na chunusi akupe subira, na jina lako akulindie katika vinywa vya watu. Amina.